Kuvuka Mikese

Pahang, Malaysia
12 Januari 2025

Mjomba wangu Tomasi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine mpelekee Mama Mdogo Rosa kabla hujakaa kusoma, maana nakujua, ukishakaa huinuki.

Sisi huku hatujambo. Godfrey yuko Kuala Lumpur kwenye kazi yake ya kompyuta, mimi niko milimani kwenye shamba la stroberi na kabichi. Mwisho wa wiki yeye hupanda kuja kwangu au mimi nashuka kwake. Asubuhi ukungu unapanda kutoka bondeni mpaka jikoni kwangu, kama kwetu. Kuna siku naamka nasikia Mama akipepeta maharage, na ninajua kabisa kwamba Mama hayupo, basi nafumba macho nilale tena ili nimsikilize kidogo.

Usishangae kwamba naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu unasema "sawa, sawa" halafu unakata ukiogopa salio litaisha, wakati aliyepiga ni mimi. Na nikituma ujumbe kwa Jesca wa dukani akusomee, soko zima la Nyandira litajua kabla yako.

Mjomba, tarehe imepatikana. Ndoa itafungwa kanisani Kuala Lumpur, Jumamosi ya tatu ya Septemba. Godfrey hakupata likizo ya kuja nyumbani. Mama angekuwa hai angekuja yeye, lakini kwenye ukoo wetu anayemtoa binti ni kaka wa mama yake, na mama yangu alikuwa na kaka mmoja tu. Nataka uje. Tiketi nitakukatia mimi na mambo ya kuingia nchini nitayashughulikia huku kwa mtandao. Wewe tafuta pasipoti na begi.

Najua umeshaanza kufikiria Mikese. Tangu nikiwa mdogo nasikia mlivyoondoka wewe na Severin kwenda kutafuta kazi Dar, gari likasimama Mikese, wewe ukashuka na kifurushi chako na kurudi kwa miguu, na tangu siku ile hujawahi kuivuka. Mimi sicheki. Nakuomba tu, kwa ajili yangu, uivuke mara moja.

Wako akupendaye,
Semeni


Nyandira
23 Februari 2025

Mwanangu Semeni,

Marahaba. Rosa naye ameitikia, ila ameitikia akiwa shambani, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde, kwa hiyo huenda umeisikia mwenyewe.

Huku tuko salama. Mbuzi wa Rosa amezaa mapacha. Severin alianguka kutoka kwenye ngazi ya stoo akavunjika mguu, sasa amepona, anachechemea na kujisifu. Kaburi la mama yako nimelipalilia juzi.

Jibu langu ni ndiyo. Nimeliandika haraka kabla halijanitoka.

Pasipoti nimekwenda kuiomba Morogoro mjini. Mpiga picha mmoja wa Kilakala aliniambia nisitabasamu. Nikamwambia sitabasamu, ndivyo uso ulivyo. Begi nalo nimenunua, la bluu, lina magurudumu. Mjini nililikokota na watu wakanipisha. Kutoka Nyandira kupanda kwetu magurudumu yakakosa kazi, nikalibeba kichwani, yakawa yanazunguka yenyewe kwa upepo. Rosa aliponiona kwa mbali alidhani nimebeba kitoto cha gari.

Wazazi wa Godfrey walipanda kutoka Mzinga wakaleta blanketi la mjomba. Ni zito, lina picha ya tausi. Kama unavyojua, kulipokea ni kusema nimekubali kukutoa, na silali nalo mpaka utoke. Nimelipokea. Nitasafiri nalo, na usiku wa harusi yako ndipo nitakapojifunika.

Sasa kuhusu kufunga begi usiwe na shaka. Nimefunga magunia ya kabichi tangu ujana wangu na hakuna gunia langu lililowahi kufunguka kwenye lori. Chini nimetandika majani makavu ya migomba. Juu ya majani nikaweka blanketi, kisha magimbi, kisha kitenge cha mama yako utakachovaa, kisha mbegu za njegere, kisha suti. Zipu ilipogoma sikubishana nayo. Nililipandisha lumbesa: nikaongeza vitu juu, nikalivisha kilemba cha wavu na kulishona kwa kamba. Limependeza sana. Linamfikia Rosa begani akiwa amekaa.

Najua safari ni Septemba. Lakini mtu mwoga akichelewa kufunga anapata nafasi ya kufikiri.

Mjomba wako,
Tomasi


Pahang
6 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za mbuzi na mguu wa Severin. Asante kwa kaburi la Mama.

Mjomba, begi si gunia! Nimecheka peke yangu kwenye banda la stroberi mpaka mwenzangu wa kazi akaja kuchungulia. Uwanja wa ndege kuna mizani, na begi likizidi kilo zilizoandikwa kwenye tiketi wanakwambia upunguze hapo hapo mbele ya watu. Ondoa wavu na kilemba. Begi lazima lifunge kwa zipu yake. Magimbi hayaruhusiwi, mbegu haziruhusiwi, wala majani ya migomba, wala kitu chochote chenye udongo. Hata viatu uvisugue.

Dawa zako, pasipoti na fulana nzito weka kwenye mkoba mdogo utakaokaa nao, kwa sababu begi kubwa mtaachana Dar na mtakutana huku. Usilihangaikie Doha utakapobadilisha ndege, watalihamisha wenyewe. Ndani ya ndege watakupa chakula, kikombe cha maji na kiblanketi chepesi. Utalala ukiwa umekaa. Masikio yataziba, meza mate. Ukiamka usiku utasikia mvumo tu na kuona watu wote wamelala mdomo wazi, wakubwa kwa watoto, na utajiona uko ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Usiogope, mimi napenda saa hizo.

Omba kiti cha dirishani. Utayaona mawingu kwa juu, yamejaa kama yanavyojaa bondeni asubuhi ukiwa shambani kwetu. Watu wengine huku wanalipa kuyaona hivyo. Wewe umeishi juu ya mawingu maisha yako yote, Mjomba, tofauti ni kwamba safari hii utakuwa umekaa.

Mimi niko salama. Nimepaka rangi chumba changu. Jioni natembea kwenye mashamba ya chai mpaka giza linapoingia, halafu narudi napika wali kidogo.

Godfrey kazi zimembana. Anakusalimu.

Semeni


Nyandira
18 Mei 2025

Mwanangu,

Marahaba. Rosa anakuita kila anapochota maji, sijui kwa nini pale kisimani hasa. Mapacha wa mbuzi wamekua, wanaruka juu ya begi kama ni jiwe lao.

Begi nimelifungua na kulifunga tena. Masika yalituletea ukungu wa siku nyingi, ukaingia mpaka ndani ya nguo, suti ikaota kuvu begani. Jua lilipotoka nilianika vyote kwenye majani: suti, kitenge, blanketi lenye tausi. Waliokuwa wakipita na kabichi kichwani walisimama kutazama. Mmoja akauliza kama tunahama. Magimbi tumeyala. Mbegu nimezirudisha kwenye kibuyu. Wavu nimeuondoa, ingawa roho iliniuma, maana begi bila kilemba halinijulishi kama limejaa.

Nimeiota ndege. Haikuwa na mabawa. Ilikuwa nyumba yetu hii hii, Rosa amekaa mbele anapika, na dirishani shamba la kabichi linapita polepole. Nikamwuliza tumefika wapi. Akasema, "Tulia Tomasi, bado Mikese."

Wiki iliyopita nilikwenda huko kufanya mazoezi. Nilishuka Mikese, nikaagiza chai, nikakaa kwenye benchi nikitazama nilikotoka. Watu husema siku ile ya ujanani niliogopa Dar. Sikuiogopa Dar, wala sikuwahi kuiona. Niligeuka nikaona milima imeanza kuwa midogo. Nikaona kama inaondoka yenyewe, kwamba nikiachilia macho kidogo tu, nikirudi sitaikuta. Niliyemwambia ni mama yako peke yake, na alicheka mpaka akakaa chini. Safari hii niliitazama mpaka chai ikapoa, na haikwenda popote. Nilirudi nyumbani kwa gari, lakini nilirudi nikiimba.

Jambo jingine ni dogo. Barua yako ya kwanza ilisema "sisi huku hatujambo". Ya pili inasema "mimi niko salama". Unatembea peke yako na kupika wali kidogo, na Godfrey ananisalimu mwishoni kwa neno moja. Hajambo kweli? Ukinijibu nitashukuru. Usiponijibu pia nitakuwa nimesikia.

Mjomba wako,
Tomasi


Pahang
29 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Msalimie Mama Mdogo Rosa.

Mvua imenyesha mfululizo na stroberi zimeoza nyingi. Tunaziokota na kuzitupa, mikono inanuka utamu siku nzima.

Nimefikiri kuhusu begi lako. Blanketi si lazima ulilete, huku hakuna baridi kali. Kitenge cha Mama nacho kiache, kisije kikaharibika njiani. Na kama moyo bado ni mzito kuhusu Mikese, Mjomba, usijilazimishe. Tiketi inarudishwa. Safari inaweza kuahirishwa mpaka mwaka mwingine.

Mimi nakula vizuri na nalala vizuri. Usiwe na wasiwasi wowote.

Semeni


Nyandira
3 Agosti 2025

Mwanangu Semeni,

Marahaba. Hapa ni baridi, asubuhi tunapumua moshi. Karoti zimekubali. Rosa aliisoma barua yako akasema, "Mtoto anakula vizuri, analala vizuri, tumshukuru Mungu." Nikamwambia mtu anayekula na kulala vizuri haandiki kwamba anakula na kulala vizuri. Akaenda kuukata ukuni ambao ulikuwa umeshakatwa.

Blanketi nimelitoa begini. Nimelianika, nimelikunja kwa mikunjo ile ile liliyokuja nayo, nikashuka nalo Mzinga. Nililiweka mezani. Mama yake Godfrey alilitazama, akainuka, akaingia ndani asitoke tena. Baba yake akasema, "Mzee Tomasi, sisi tulijua tangu Aprili. Tuliona aibu kuupanda mlima." Tukanywa maji. Hatukugombana. Nilirudi nikipita njia ndefu ya mtoni kwa sababu nilikuwa na hasira na sikutaka kuja nayo nyumbani.

Basi, hilo limekwisha, na hukulazimika kuliandika. Mimi sikuulizi ilikuwaje.

Ila tiketi usiirudishe.

Nikwambie kitu ambacho mama yako hakukwambia. Kabla hujazaliwa aliolewa kwanza Matombo, na ndoa ile ilivunjika. Kwetu aliyemtoa binti ndiye anayemrudisha, lakini mjomba wetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nilimfuata mimi. Nilikuwa kijana. Nilifunga mzigo wake wote, vyungu, mkeka, majembe, nikaupandisha lumbesa mpaka ukanipita urefu, nikauweka kichwani na kutangulia. Yeye alinifuata nyuma mikono mitupu. Tulipoingia kijijini watu walisimama milangoni, lakini walinitazama mimi, kwa sababu nilikuwa mbele na mzigo ulikuwa mkubwa mno. Mpaka wanamaliza kuushangaa, mama yako alikuwa ameshaingia ndani na kuketi jikoni. Hiyo ndiyo kazi ya kutangulia, mwanangu. Na ile ndiyo lumbesa yangu bora kuliko zote.

Ukitaka kubaki huko, nitakuja, nitakula hizo stroberi, nitatembea nawe kwenye chai, kisha nitarudi. Ukitaka kuja nyumbani, nitatangulia. Uamuzi ni wako. Niambie tu nije na nini.

Mjomba wako,
Tomasi


Pahang
24 Agosti 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo, Mjomba. Shikamoo tena.

Nimelia leo, na nimelia vizuri, kwa mara ya kwanza. Mwenzangu wa kazi alidhani nimepata msiba akaninywesha chai ya tangawizi. Sikujua habari ya Mama na Matombo. Nimekaa nikimwona akipanda nyuma yako na mikono mitupu, msichana mdogo kuliko mimi, na nimetamani kumshika mkono.

Godfrey aliniambia Machi kwamba ana mtu mwingine. Aliniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma zaidi. Zile salamu za Aprili nilizitunga mimi. Sikukwambia kwa sababu niliogopa kwamba bila harusi hutakuwa na sababu ya kuja, na nilihitaji uje, Mjomba, kuliko nilivyoihitaji harusi. Kisha Juni nikaona aibu, nikakuandikia usije, na nilipokwisha kuituma nikaomba usinisikie.

Mkataba wangu unakwisha mwezi ujao. Wamenipa nafasi ya kuendelea na nimekataa. Nataka nyumbani. Ukungu wa huku ni mzuri lakini haunijui. Lakini kila nikijiona naipanda ile njia kutoka Nyandira, nakokota begi lisilokokoteka, Jesca ametoka mlangoni pa duka na watu wameshusha makapu yao kunitazama, miguu inakataa hata nikiwa kitandani. Peke yangu siwezi. Tangulia, Mjomba. Nakuomba utangulie.

Njoo na begi tupu. Usilijaze, hata kama mkono unakuwasha. Nina vitu vya miaka yote niliyokaa huku na kila nikianza kuvifunga navifungua, kisha nalala juu ya nguo. Wewe ndiye fundi. Nitakupokea uwanja wa ndege. Nitavaa fulana ya njano ili unione.

Natumaini barua hii itakuwahi.

Semeni wako


Njiani
14 Septemba 2025

Mwanangu Semeni,

Marahaba. Barua yako imenifikia Ijumaa, imenikuta na begi limejaa. Hii yangu haina stempu. Naiandika garini na nitakupa mwenyewe mkononi, ukinifikia na fulana yako ya njano.

Rosa hajambo. Ametandika kitanda cha mama yako na amekataza mbuzi kuingia chumba kile. Severin amenisindikiza mpaka stendi na mguu wake, akanikumbatia, akasema safari hii hataniona nikirudi kwa miguu. Wote wanakungoja, na wote wamekatazwa kuuliza.

Nimetoa kila kitu begini. Suti nimeivaa, viatu nimevisugua. Begi lilikaa mlangoni wazi alfajiri, na ukungu ukawa unaingia na kutoka kama mgeni anayekagua chumba. Ulipoingia vizuri nilifunga zipu haraka. Rosa alinitazama akasema mimi si mzima. Utakapolifungua utaniambia kama ukungu wetu umefika.

Ndani yake kuna kamba yangu ya magunia, na kitenge cha mama yako. Hicho hukuniambia nikirudishe begini, nimeamua mwenyewe. Si cha harusi sasa, ni cha kujitanda tukipanda, maana Septemba upepo wa jioni huku bado ni mkali. Konda alilinyanyua begi kwa nguvu zote akidhani limejaa, nusura aanguke chali. "Mzee, unasafiri na begi tupu?" Nikamwambia nakwenda kupakia.

Sasa gari limesimama. Ni Mikese. Wanapitisha mahindi ya kuchoma madirishani na jirani yangu ameshuka kunyoosha miguu, kwa hiyo nafasi ya kupita iko wazi mpaka mlangoni. Nimegeuka kutazama nyuma. Milima imeanza kuwa midogo, vilevile kama siku ile. Sikufichi, moyo unanidunda na ndiyo maana mwandiko umepinda. Nimeitazama sana. Nimeitafuta njia yetu kwa macho, na ingawa kwa umbali huu haiwezekani, nimeiona. Kuna mtu anapanda na begi la bluu kichwani, limezidi kimo, lina kilemba cha wavu, na watu wote wanalishangaa. Nyuma yake kuna binti mikono mitupu.

Dereva amepiga honi. Jirani yangu amerudi na mahindi mawili, moja amenipa.

Gari linaondoka. Nimo.

Mjomba wako,
Tomasi